Soda Iliyofunguliwa Jikoni

Jina langu lifichwe, tafadhali, maana walionitendea haya wanausoma ukurasa huu. Mimi ni binti wa miaka ishirini na mbili, Muislamu wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili, nasoma chuo kikuu hapa Bujumbura. Baba alishafariki, nimelelewa na baba mdogo mwenye gereji. Leo simpendi, nasema waziwazi.

Vita vilipoanza, bweni letu la wasichana liligawanyika. Wahutu walipika kwao, Watutsi kwao, kila upande ukiogopa sumu ya mwenzake. Mwaka jana wakanichagua kiongozi wa bweni, si kwa akili zangu, bali kwa sababu mimi Mswahili, si Mhutu wala Mtutsi, sina upande. Sharti langu lilikuwa chungu kimoja. Mnaijua desturi yetu, anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele yako ndipo unywe kwa amani. Basi kila jioni naonja mimi, wote wakinikodolea macho mdomoni, kisha wanakula. Maharage yenyewe mabaya, lakini yanaliwa pamoja.

Makamu wangu hajawahi kunisamehe kwa hilo. Ni binti wa mkubwa mmoja wa Kiriri, mtaa wa matajiri, na anataka vyungu virudi viwili. Aliposhindwa kuniondoa kwa maneno, akamwomba baba yake anitafutie burse, yaani ufadhili wa masomo, ya kusomea udaktari Algeria. Hakuniambia mimi, alimwendea baba mdogo gerejini. Naye, bila kuniuliza, akakubali, akachinja mbuzi, akaita mtaa mzima kwenye dua ya safari. Nilirudi nyumbani Jumamosi nikakuta watu wanalamba vidole wakinitakia safari njema!

Udaktari nautaka tangu utotoni, sitawadanganya. Lakini nani aliniuliza? Nikamvuta baba mdogo pembeni.

"Nani alikuambia mi nataka kuenda?"

"We mutoto, uko na kichwa kweli? Huku vita, kule burse, unataka kubakia kuonjea watu maharage? Apana kunitia haya mbele ya watu."

Makamu naye alikuwepo, kajifunika mtandio kwa adabu zote. Akatoka jikoni kwetu na soda, akanipa mbele ya wageni, chupa ikiwa wazi tayari.

"Kunywa, dada. Ni ya kukuaga."

"Onja kwanza," nikamwambia.

Akatabasamu. "Kwani unaniogopa?"

Hakuonja. Nikaimwaga uani mbele ya watu wote. Baba mdogo akaja juu, akasema nimemtukana mgeni aliyetufadhili, na nisipopanda ndege nisikanyage tena kwake. Eti nimemtukana! Mimi niliyepewa chupa isiyoonjwa ndani ya nyumba yetu ndiye mkosaji.

Ndege ni wiki ijayo. Nikiondoka, uongozi unachukuliwa na mtu aliyekataa kuonja soda yake mwenyewe, na wasichana wale watarudi kuogopana. Nikibaki, sina kwetu, sina udaktari, na makamu analala vyumba vichache tu kutoka changu. Wenzangu bado hawajui lolote. Jana jioni walinisubiri kama kawaida, sahani mikononi. Nikaonja, na kwa mara ya kwanza niliogopa kumeza.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, mngekuwa mimi mngepanda ndege hiyo? Niambieni, na msinionee haya.