Mzigo wa Hirakaji Uliotangulia Safari

Nakuwekea dau la sahani ya momo kwamba hutaamini. Na nikishinda, nakula mbele yako huku nakukodolea macho.

Hirakaji, mfua shaba wa mtaa wetu hapa Patan, anagonga sufuria mpaka mbwa wanahama. Maisha yake yote hajapanda kitu kirefu kuliko ngazi. Jumatatu ile ikamjia simu. Binti yake Kesari, wa kiwanda cha glavu kule Kuala Lumpur, alikuwa apasuliwe moyo kesho yake, saa moja jioni. Kwenye simu alisema tu, "Baba, nikuone kwanza."

Tiketi ikapatikana ya Jumanne, saa saba mchana. Sasa nani anaanza safari Jumanne, siku ya nuksi? Mkewe akafanya tunavyofanya siku zote: akafunga mchele na sarafu kwenye kitambaa, akakipeleka kwa jirani Jumatatu hiyohiyo, safari ihesabike imeshaanza. Hirakaji, kwa woga wake, akatia na pasipoti humo, baraka zishike vizuri.

Jumanne asubuhi, kwa jirani kufuli! Wote wameenda harusini Bhaktapur, simu hawashiki. Ndani kabaki Bibi Astamaya peke yake, ghorofa ya tatu, sikio moja zima, jingine pambo.

"Bibi! Bibi weee! Mzigo wangu!"

Dirisha likafunguka. "Nani huyo analia kama mbuzi wa kuchinjwa sikukuu ya Dasain?"

"Mimi, Hirakaji! Nitupie kile kitambaa, ndege itaniacha!"

"Nitupe? Mzigo wa safari utupwe kama maganda? Unataka na wewe uanguke? Njoo mlangoni upokee kwa mikono miwili."

"Mlango umefungwa, Bibi!"

"Basi subiri wenyewe warudi. Kwani unakwenda mbali?"

"Kilomita elfu tatu na ushee!"

"Njiani muda gani?"

"Saa nne na nusu, angani."

"Mimi nikienda Dolakha kwa basi natapika siku nzima, na silii. Mwanaume mzima, aibu!"

Alikuwa analia kweli. Nyundo ameshaishika avunje kufuli. Akaiweka chini. "Bibi, ni Kesari. Wanampasua leo."

Kichwa kikapotea dirishani. Tukajua amenuna. Mara kile kikapu chake cha kupandishia mboga kikaanza kushuka kwa kamba, polepole kama mwenyewe anavyotembea, kitambaa kimekaa katikati.

"Mikono miwili!" akafoka. "Na usigeuke nyuma!"

Nikampakia kwenye pikipiki yangu, na Patan nzima hakuna anayeendesha kama mimi, kaulize. Njia nzima ananibana mbavu. "Nitawahi, mdogo wangu? Nitawahi?"

"Kaka, tulia. Ukiruka saa saba, ongeza nne na nusu, saa kumi na moja na nusu uko chini. Utamkuta bado anachana nywele."

Hakumkuta. Alipotua, saa ya ukutani kule ilisema saa mbili kasoro robo usiku, na Kesari ameshaingizwa. Akakaa kwenye benchi la hospitali mpaka kukacha, kila mlango ukilia anasimama. Asubuhi muuguzi akamwita. Kesari yuko hai, midomo imekauka.

"Baba," akamwambia, "umechelewa."

Saa za kule zinatangulia zetu kwa saa mbili na robo. Hesabu niliipiga mimi, na nilikosea.