Maneno Mawili kwenye Karatasi ya Toba

Walionitoa kanisani ni wawili, na nitawataja. Wa kwanza ni mume wangu, aliyenivunja mkono wa kushoto kwa mpini wa jembe, kwetu huku juu mlimani, kisa ndoo ya maziwa iliyomwagika. Wa pili ni kaka yake, mzee wa kanisa wa mtaa wetu, aliyewaambia wenzake kwenye baraza la wazee kwamba nimekimbia ndoa kwa tamaa ya mjini. Yupo na wa tatu. Huyo nitamfikia.

Nilikaa kwa mama mwezi mmoja, kisha nikashuka mjini, Sombetini, mkono bado umefungwa kwa kitenge. Baadaye nikaishi na fundi wa kuchomelea mageti pale Sakina. Hilo sikatai, nilikosa. Naye hakudumu, alipata kazi Babati akapata na mke hukohuko. Mimi nikabaki na sufuria zangu, nawapikia mafundi loshoro, yale mahindi yetu ya maziwa mgando, na kila Jumapili napanda kwetu kusali.

Kusali kwenyewe ni nusu. Kwetu aliyetengwa na kundi anakaa benchi la nyuma, karibu na mlango, na meza ya Bwana ikianza kutandikwa anatoka. Miaka kumi na moja nimetoka. Pale nje ndipo vinapowekwa vitu vya mnada, vile watu wanavyomtolea Mungu kama hawana fedha: mikungu ya ndizi, mayai, kuku waliofungwa miguu. Ibada ikiisha vinanadiwa hapohapo uwanjani. Basi mimi nilikuwa nakaa na kuku, nasikia wenzangu wanaimba ndani. Ndizi zangu zilipokelewa miaka yote. Mimi hapana.

Ningeendelea hivyo mpaka nife, maana kiburi ninacho. Ila mama yangu akaugua koo. Kansa. Ilianza nyama kumshinda, zikafuata ndizi, ukafuata uji mzito. Mchungaji akataka kumletea meza ya Bwana nyumbani.

"Na mwanangu atakuwa wapi?" mama akamwuliza.

"Mama, yeye bado hajarudi kundini. Atasubiri nje kidogo."

"Na kuku?" Sauti ilikuwa imebaki ya kunong'ona, lakini mdomo wake ulikuwa vilevile. "Basi na mimi nitasubiri. Tutakula wote, au sili."

Daktari alishatuambia koo litafunga kabisa, ni wiki chache tu. Nikaenda kwa shemeji. Ndiyo utaratibu: anayetaka kurudi anapitia kwa mzee wa mtaa wake, anaandikiwa maneno ya toba, anayasoma mbele ya usharika wote.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Leo umeikumbuka njia? Kanisa si stendi, shemeji, useme unashuka, unapanda."

Nikamwambia nataka kurudi kundini. Akaandika, akanipa karatasi. Mimi niliishia darasa la nne, nasoma kwa kidole, lakini nilifika pale: nilimwacha mume wangu wa ndoa bila sababu.

"Shemeji, hapa toa hilo la bila sababu."

"Maneno mawili tu hayo. Mungu si anaijua sababu?"

"Kama anaijua, nimdanganye ili iweje?"

"Basi mpelekee mama yako huo ubishi, aumeze."

Alisema hivyo, mzee wa kanisa. Narudia kama alivyosema.

Alhamisi uji ukamtokea mama puani. Jumapili nikasimama mbele, nikasoma. Nilidhani maneno yale mawili yatanikwama. Hayakukwama, yalitoka laini kuliko mengine yote. Wakaimba, wakapanga mstari kunipa mkono, wa kwanza shemeji. Akanipigapiga kwenye kiwiko changu cha kushoto, cha mkono ule uliovunjwa, kisichonyooka tena.

Alasiri mchungaji akaja nyumbani. Alichovya kipande kidogo cha mkate kwenye divai, akamwekea mama ulimini. Mama alihangaika nacho muda mrefu, kikashuka. Nami nikapewa. Nilisubiri nisikie kitu moyoni, hata kidogo. Nilisikia ladha ya unga mdomoni, basi.

Mchungaji alipoondoka mama akaniuliza, "Ulisemaje kule?"

Nikamwambia yote, na lile la bila sababu.

Aligeukia ukutani. "Mkono huo niliukanda mimi kwa maji ya moto, mwezi mzima. Sasa mimi nilikuwa nakanda nini?"

Hakunisemesha tena juu ya jambo lile. Jumatano akafariki, tukamzika kwa heshima zote za kanisa, na mimi nikiwa mbele kabisa, Mkristo safi.

Huyo ndiye wa tatu. Ni mimi.

Baada ya mazishi sala ilinikauka. Nikifumba macho naona mgongo wa mama. Meza ya Bwana ilipotandikwa niliinuka na wenzangu, nikafika katikati ya kanisa, nikageuka, nikarudi. Usingizi ukawa wa kuvizia. Pale Sakina mafundi wakaanza kunitania, "Mama, leo chumvi umemwachia nani?" maana nilikuwa napika kama mgonjwa. Nilikuwa nimeingia ndani na Mungu simwoni, kama vile tulipishana mlangoni.

Jumapili moja, wakati wa matangazo, nikasimama bila kuitwa.

"Ile karatasi nilidanganya," nikasema. "Sababu ipo, ni hii." Nikainua mkono mpaka pale unapoishia kunyooka. "Na dhambi yangu yenyewe hamkuiandika. Miaka kumi na moja nakaa pale nje na kuku, namwomba Mungu mume wangu afe. Sina sala nyingine niliyoiomba kwa moyo kama hiyo. Hiyo ndiyo natubu."

"Shemeji, kaa chini! Unaaibisha ukoo."

"Mwache amalize," mwanamke mmoja wa kwaya akasema.

Nilikuwa nimemaliza. Mume wangu alikuwa upande wa wanaume, anaiangalia kofia yake magotini.

Mchungaji ni kijana, hana ubaya, ila anawaogopa wazee. Alisema baraza litakaa. Likakaa. Nikaambiwa nimeidharau madhabahu, nirudi benchi la nyuma.

Jumapili iliyofuata nikatoka kama zamani. Nje kulikuwa na mikungu miwili na jogoo mmoja. Ndani wakaanza kuimba, na ile sala yangu ya zamani ikaja kwa mazoea, ikafika kwenye ulimi, ikakataa. Nikasema tu, Bwana, nipo hapa nje. Hapo ndipo nilipomlilia mama kwa mara ya kwanza, kwa sauti, mpaka jogoo akaanza kuruka na kamba yake. Na sikuwa peke yangu pale. Sijui kueleza zaidi ya hapo.

Shemeji sijamsamehe. Hilo nalo nimemwambia Mungu kama lilivyo. Baraza wanasema nikitaka kurudi nipitie kwa mzee wa mtaa wangu aniandikie upya. Sijaenda. Jumapili napanda, nakaa karibu na mlango, na wakianza kutandika meza natoka.