L si Legeza: tulivyovuta gari la otomatiki kutoka Ilala hadi Gerezani

Wakuu, salaam kwenu, wenye magari na mnaotembea kwa miguu kama mimi siku hizi.

Ninayoyaandika hapa niliyaona kwa macho na kuyashika kwa mikono, na shahidi wangu yuko hapa pembeni anachambua mchele. Kwa umri nilionao uongo haunisaidii kitu.

Wiki iliyopita kuna mkuu aliuliza humu namna ya kuvuta gari lake la zamani la otomatiki lililomzimikia. Nikasoma majibu. "Weka fri, funga kamba, twende." Karibu wote hivyo hivyo. Mjukuu wangu akaniona natetemeka, akadhani sukari imeshuka. Haikuwa sukari, ilikuwa hasira.

Sasa kaeni vizuri.

Miaka ya hamsini nilikuwa fundi Gerezani, kwenye gereji moja jirani na karakana za reli. Kijana, mikono myeusi kwa grisi, lakini kazi naijua. Gari za otomatiki mjini zilihesabika kwa vidole, zote za Kimarekani, pana kama kitanda cha bwana harusi.

Otomatiki ya kwanza kuifungua ililetwa imevutwa kwa kamba kutoka Morogoro. Nilipofungua giaboksi nikakuta mafuta meusi kama lami, yananuka kuungua. Vifaa vikaagizwa Ulaya kwa meli. Gari likakaa kwetu miezi mpaka kuku wakataga ndani. Dereva wake alifukuzwa siku ile ile, na nyumba aliyopewa na tajiri wake akaambiwa ahame.

Sababu ni hii. Injini ikizimwa, pampu ya kusukuma mafuta ndani ya giaboksi nayo inalala. Lakini magurudumu ya nyuma yakizunguka, yanazungusha propela shafti, ile fimbo ndefu ya chuma chini ya gari, na shafti inazungusha vyuma ndani ya giaboksi. Vyuma vinasagana vikavu. Baadhi ya gari za enzi zile zilikuwa na pampu ya pili kwa nyuma, zikivumilia kidogo. Lakini kama huna uhakika na yako, usicheze bahati nasibu.

Tuendelee.

Kulikuwa na Mzee Kondo, dereva wa Mgiriki mmoja mwenye mashamba ya mkonge na moja ya zile otomatiki. Kofia yake haikosi pasi na viatu vinang'aa. Alikuwa na binti, Mwanaidi. Nilipeleka posa. Mzee akasema ameisikia, basi, kimya miezi mitatu. Kwa watu alisema kijana ananuka oili.

Jumamosi moja asubuhi namwona Mwanaidi anaingia gereji, anahema. Nikadhani jibu la posa limefika.

"Baba amekwama Buguruni na gari la tajiri. Limezima lenyewe, haliwaki. Amesema uje haraka."

"Tajiri yuko wapi?"

"Anakuja na treni ya saa tisa. Baba anatakiwa ampokee stesheni. Na hakuruhusiwa kulitoa lile gari."

Mzee alikuwa amelitoa kupeleka mchele wa hitma kwa dada yake. Safari ya nusu saa tu, alijiambia. Mwanaidi alikuwemo garini, na lilipozima akapata lifti ya gari la maziwa mpaka mjini.

Nilishika spana, kamba na baiskeli. Mwanaidi akapanda nyuma. Katika hali nyingine ningefurahi sana.

Hatukufika Buguruni. Tulipofika Ilala tukakuta lori la makaa linakuja taratibu, nyuma yake limefunga lile gari la Mgiriki. Mzee hakuwa na subira ya kutungoja. Kila lori likichanganya mwendo, gari linajivuta nyuma kama ng'ombe anayekataa kuingia boma, kisha linatoa mlio. Mlio ule niliutambua mara moja. Ulikuwa wa vyuma vikavu.

Nikamwachia Mwanaidi baiskeli, nikasimama mbele ya lori mikono juu. Dereva wa lori akanitukana tusi ambalo siwezi kuliandika humu, lakini alisimama.

"Shikamoo mzee. Gia umeweka wapi?"

"Marahaba. Nimelegeza," akajibu, mgongo umenyooka. "Nimeweka L."

Wakuu, nilichungulia ndani, kweli iko L.

L kwenye otomatiki ni gia nzito ya kupandia milima. Ni kama umevuta gari la kawaida likiwa gia ya kwanza.

"Mzee, L nani kakwambia ni kulegeza?"

"Mtu mzima hafundishwi kusoma. P, pumzika. D, dereva, maana hapo ndipo ninapofanya kazi. R, rudi. L, legeza."

"Na N?"

Akairekebisha kofia. "N ni nyuma. Nilishangaa kwa nini Mmarekani ameweka kurudi nyuma mara mbili, kwa hiyo sijawahi kuigusa."

Tajiri wake alimwonyesha kwa mkono tu, hapa kusimama, hapa kwenda, hapa kurudi. Yaliyobaki mzee alijitafsiria, na miaka miwili yalimfaa.

"N ndiyo fri, mzee. Ndiyo kulegeza."

"Fri si inaanza na F?"

Hilo aulizwe Mmarekani.

Nikafungua boneti, nikachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi, nikanusa. Yalikuwa bado mekundu, lakini harufu ya kuungua imeanza kwa mbali. Nikampa anuse. Nikamwambia habari ya lile gari la Morogoro, na yule dereva aliyehamishwa nyumba. Uso wake ukabadilika rangi.

"Limekufa?"

"Sijui. Lakini likivutwa hivi mpaka Gerezani litakufa kweli. Lazima nivue propela shafti hapa hapa."

"Ulivue gari la watu viungo barabarani?" Sauti ilimpanda. "Akipita mtu anayemjua tajiri?"

Dereva wa lori anapiga honi, makaa yake yanangojwa Kariakoo. Askari wa barabarani amekwisha kuja kuuliza mara moja, akasema akirudi asitukute. Jua limeshapanda, saa tisa haimsubiri mtu. Na mzee kasimama mlangoni mwa gari mikono kifuani, hataki niguse.

Mwanaidi ndiye aliyesema, polepole, "Baba, ulimwita mwenyewe."

Mzee akasogea pembeni.

Nikaweka jiwe kwenye tairi la nyuma, maana ukishavua shafti, P haishiki tena kitu. P inafunga giaboksi, na giaboksi haijaungana tena na magurudumu. Barabara pale inateremka kidogo. Nikamwambia mzee akae kwenye usukani, handibreki juu. Nikalala chini.

Bolti nne, pale shafti inapoungana na difu, kile chungu cha chuma kati ya magurudumu ya nyuma. Mbili zilitoka vizuri. Ya tatu ilikuwa na kutu, nikaipiga nyundo mpaka vidole vikafa ganzi. Mchanga machoni. Ya nne ikaachia, shafti ikaangukia kifuani kwangu.

Na gari likatembea.

Niliona tairi linanijia upande wa bega. Nilipiga kelele ambayo shahidi wangu anasema ilisikika mpaka sokoni Ilala. Tairi likasimama, sikio langu likiwa limegusa mpira.

Dereva wa lori alikuwa amerudi nyuma kidogo ili alegeze kamba, akaligusa gari. Na mzee handibreki hakuvuta, kwa sababu mkono wa gia ulikuwa kwenye P, na P ni pumzika.

Nilitoka chini, nikavuta handibreki mwenyewe. Nikaifunga shafti juu kwa waya isiburute, nikaweka bolti mfukoni. Kisha nikakaa kwenye usukani mwenyewe.

Tulikwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Mtaa wa Msimbazi ulikuwa umejaa. Kariakoo nzima inacheka, "Mzungu leo anavutwa na makaa!" Mzee Kondo alikaa pembeni yangu, kofia ameiweka mapajani. Mwanaidi alikaa nyuma, baiskeli iko juu ya makaa.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa mdogo wa kuchekesha. Kipande cha mpira ndani ya pampu ya petroli kilichanika, petroli haifiki. Nikakipata kwenye pampu nyingine mbovu. Nikarudisha shafti, nikaongeza mafuta ya giaboksi. Saa nane na nusu injini ikawaka.

Sasa ndiyo ikaja shida yenyewe. Nikamwambia mzee aweke D.

Akaweka. Gari halikwenda.

Injini inanguruma, sisi tumesimama. Mwanaidi ameshika mlango wa gereji. Mzee ananitazama tu, na mimi najua anachokiona, ni vyombo vyake vimetolewa nje ya nyumba ya tajiri, na mkewe amekaa juu ya godoro. Niliomba dua zote nilizofundishwa chuo cha Kurani.

Kisha mafuta yakajaa humo ndani, gari likashtuka mara moja, likaenda mbele taratibu. Mzee akatoka getini bila kugeuka. Treni aliiwahi.

Jumatatu alikuja gereji kwa miguu, kofia imepigwa pasi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ile posa yako nilikuwa nimeiweka P."

Nikaacha spana.

"Nimeitoa. Nimeiweka D." Akavaa kofia. "Dereva amekubali."

Basi wakuu, nilichojifunza. Gari la otomatiki la zamani, beba juu ya gari lingine, au nyanyua magurudumu yanayosukuma, au vua shafti. Ukivua shafti zuia tairi na uvute handibreki, usiiamini P. Na kabla hujavuta, muulize anayeliendesha kila herufi anaielewaje. Usimcheke. Mtu anaweza kuendesha miaka mingi kwa tafsiri yake mwenyewe, na siku ya shida ndiyo inayomponza.

Mkuu uliyeuliza, tuambie gari limefikia wapi. Na wengine semeni, hizo herufi nyie mlizitafsiri vipi mlipoanza? Msione aibu, humu ni nyumbani.

NIMEHARIRI: Mjukuu amemsomea bibi yake uzi huu kwa sauti. Mwanaidi ameweka ungo chini, akaniuliza nadhani tairi lile lilisimama kwa nini. Nikamwambia jiwe langu lilishika. Anasema jiwe langu lilikuwa dogo, liliruka pale pale gari lilipoguswa. Kubwa alilisukumiza yeye kwa mguu, na kucha ile ya kidole gumba haijakaa sawa mpaka leo. Miaka yote hii nilikuwa nadhani iliharibiwa na kiatu.