Jambazi Mwenye Keki Mdomoni

Shangazi yangu alipotufikia Ibra, huku Omani, kutoka Unguja, mwanzoni mwa miaka ya themanini, alikuwa hazungumzi mbele ya watu. Kiarabu chake kilikuwa cha chuoni, cha kusomea Qurani, na siku ya mwanzo tu jirani mmoja alikicheka. Tangu hapo, wanawake wakija kunywa kahawa, yeye huinamisha kichwa. Nilisikitika, kwa sababu nilimjua alivyokuwa kwao: harusi bila ya maneno yake haikuwa harusi.

Kaka yangu alituletea mashine ya video kutoka Maskati, pamoja na kaseti chache. Alasiri moja, jirani wamejaa ukumbini, nikatia mojawapo. Ikatoka picha ya zamani ya Kimarekani, haina rangi: majambazi wamewakimbia askari, wakaingia katika nyumba ya harusi, na wenye nyumba wakadhani ni jamaa wa bwana harusi.

Shangazi akashtuka. "Hii nimeiona! Sinema kwetu Unguja, wakati wa vita vikuu, mchele ukitolewa kwa mgao, siku ya wanawake peke yao. Tulijazana mpaka mlangoni." Akakisogelea kioo cha televisheni. "Msimtazame mkubwa wao. Mtazameni huyu kijana, mwenye kofia inayomzidi."

Kijana mwenyewe wala hakuwa na maneno mengi. Lakini kila akipita nyuma ya wenzake, macho yetu yanamfuata yeye. Askari akamkuta amejaza keki mdomoni, akamuuliza jina lake. Naye, kwa utulivu wa ajabu, akajibu kwa nyusi tu. Hata mimi niliyekuwa nikisomesha Kiingereza sikuhitaji kufasiri. Jirani walicheka mpaka kahawa ikamwagika.

Hapo mashine ikautafuna ukanda. Kioo kikabaki chenga tupu.

"Sasa ikawaje?" jirani akauliza kwa Kiarabu. Ndiye yule aliyemcheka shangazi.

Nikamgeukia shangazi. Alisita, akaniangalia. Kisha akasimama, akavaa kofia ya baba iliyokuwa msumarini, akachukua pande la halua akalitia mdomoni zima. Akawa kijana. Akawa askari. Akawa bibi harusi anayezimia. Maneno yalimtoka kwa Kiswahili, kwa Kiarabu chake cha chuoni, na pale yalipokosekana, kwa nyusi, na hakuna aliyepotea. Kwa hadithi yake, kijana ndiye aliyemchenga askari, akarudisha mahari yaliyoibiwa, akatoka kwa mlango wa mbele huku anashangiriwa.

Walipokwisha kuondoka nilimuuliza kwa nini alimpenda sana mchezaji yule.

"Jina lake liliandikwa chini kabisa, kwa herufi za sisimizi," akasema. "Nikawaambia wenzangu, huyu atafika mbali. Wakanicheka. Baadaye picha zake zikaja na jina lake juu peke yake. Wallahi nilifurahi kama kwamba ni kaka yangu."

Kaka aliutengeneza ukanda, tukautazama mpaka mwisho. Kijana alikamatwa na askari, pamoja na wenzake wote. Jirani yetu akakunja uso, akamgeukia shangazi.

"Khalti," akamwambia, kama anayemwita mama yake mdogo, "hawa hawajui kumaliza. Tuhadithie wewe."

Shangazi akacheka, akaanza upya, na mimi nikainuka kuongeza maji ya kahawa, maana nilijua hawaondoki mapema.