Marumaru za Bafu la Mama

Leo nimeshindwa hoja dukani Korogwe, tena mbele ya watu.

Nilimleta mama kutoka kwake kijijini Sindeni tuchague marumaru za ukuta wa bafu lake jipya. Mimi nilishaamua: nyeupe, laini, zinazong'aa. Muuzaji akamwamkia mama, kisha akatuonyesha za kijivu zenye mikwaruzo kama jiwe.

Nikawaka. Nikamwambia bafu si zizi, mikwaruzo inashika uchafu wa sabuni, na yeye anataka tu kutusukumia mzigo uliomdodea.

(Mnanijua.)

Mama akazipapasa zote mbili. Kisha akamwambia muuzaji, "Baba, nipatie maji kidogo na sabuni."

Duka zima likageuka.

Akalowesha kiganja, akakipaka sabuni, akaegemea ile nyeupe yangu. Kikateleza mpaka chini. Akaegemea ya kijivu. Kikatulia pale pale.

"Goti hili likigoma," akasema, "naoga nimeshika ukuta."

Sikuwa najua.

Mtu mwingine angenyamaza hapo. Mimi nikasema, "Lakini mama, hizo zitashika uchafu!"

"Uchafu nitausugua, mwanangu. Nikianguka Sindeni, utaniokota ukiwa huku Korogwe?"

Muuzaji akageukia ukutani acheke vizuri.

Tumechukua za kijivu. Bado nasema zina sura mbaya, na anayebisha aje hapa chini tubishane.

Ila kwanza aniambie: mama yake akiwa anaoga, anashika nini?