Mkeka Mbele ya Motakaa

Kwa miaka mingi nimekana, na leo naungama mbele yenu wenzangu tuliozaliwa kabla ya vita vya kwanza vya Wazungu: ni kweli, mama yangu alimwita baba mkwe wake kwa sauti, mchana kweupe, pale Mwaya, kwetu kando ya ziwa. Mashangazi waliniuliza, nikakana. Mzee wa kanisa aliniuliza, nikakana nikiwa nimeshika kitabu cha nyimbo. Hata chuo kikuu, walikonifundisha kuheshimu ushahidi wa mtu aliyekuwepo, niliendelea kukana, safari hii kwa Kiingereza.

Vijana wa leo hawataona ubaya uko wapi. Siku hizi baba mkwe na mkamwana wanabanana benchi moja la basi la Mbeya na kugawana karanga. Enzi zetu mke hakumtazama baba wa mumewe, hakutaja jina lake, hakusema naye. Babu alipokohoa kule migombani, mama aliacha chungu motoni akakimbilia nyuma ya nyumba. Nilikula ndizi nyingi zilizoungua kwa ajili ya kikohozi kile, na mpaka leo harufu ya ndizi zilizoshika chini ya chungu kwangu ni harufu ya heshima. Aliyevunja mwiko, watu walisema, hatazaa tena. Na wakati huo mama alikuwa na mimi tu.

Babu alikuwa amechochea moto kwenye meli ya ziwani, kwa hiyo alijua mashine. Mjerumani mmoja mwenye ghala pale Mwaya alipoletewa motakaa ya viti viwili, isiyo na paa, ya kukimbilia tu na kujionyesha, alimkabidhi babu aitunze. Sisi watoto tulishinda pale tukivuta harufu ya petroli kama ubani. Tulichonga motakaa zetu kwa vigogo vya migomba, tukagombana nani awe injini. Mimi nilikuwa injini nzuri sana. Hicho ndicho cheo pekee cha ufundi nilichopata maishani.

Siku moja motakaa ilianza kugonga, ka-ka-ka, babu akasema vali zimelegea. Alikata ukanda wa jani kavu la mgomba, akaupitisha kati ya vali na fimbo inayoisukuma. Ukipita bila kushika, alikaza, ukichanika, alilegeza. Kisha akafungua mtambo wa cheche, akausafisha, akaurudisha. Sasa ikabaki kazi ya kutega wakati wa cheche, na kazi hiyo ilitaka watu wawili: mmoja mbele azungushe hendeli, mwingine akae kitini, mguu kwenye breki, mkono kwenye kijiti cha chuma kilichokuwa kwenye usukani. Kijiti kikirudi nyuma, cheche inachelewa. Kikienda mbele, inawahi.

Msaidizi wa babu alikuwa kitandani na homa. Baba alikuwa safarini na mizigo. Bwana mwenyewe, yule Mjerumani, alikwenda kupokea meli, na alikuwa ameacha neno: akirudi akakuta motakaa haingurumi, babu atakula kiboko. Miguu yangu haikufika kwenye breki. Bibi alikataa katakata. "Nikae juu ya mnyama huyu niote mkia?" Akabaki mama, aliyekuwa amejificha nyuma ya ghala na chakula cha babu.

Basi bibi alitundika mkeka juu ya kioo cha mbele, mama akajifunika kaniki gubigubi, akapanda. Mimi nikawa mjumbe.

"Mwambie mama yako arudishe kijiti nyuma kabisa," akasema babu, ambaye angeweza kumgusa kwa fimbo.

"Mama, rudisha kijiti nyuma kabisa."

"Mwambie nimerudisha."

"Babu, amerudisha."

"Haya, sasa nimesikia," akasema babu kwa adabu kubwa. "Mwambie tena: kijiti kikiwa mbele wakati nazungusha, mkono huu utavunjika kama muhogo mkavu."

Akazungusha. Motakaa ikakohoa, ikanyamaza. Akataka kijiti kisogezwe mbele ili aone mtambo unavyogeuka, mama akakisogeza. Babu akachungulia, akaridhika, akasema kirudishwe. Mama akakivuta. Kimekwama. Wakati huohuo sauti ya Bwana ikasikika ikitokea ufukweni, na babu hakungoja jibu. Aliinama akashika hendeli, akaanza kuzungusha.

"Tata, leka!" mama akapiga kelele. Baba, acha!

Ukalia mlio kama wa bunduki, hendeli ikarudi nyuma kwa nguvu za punda. Mkono wa babu haukuwepo tena pale. Bwana alipofika, motakaa ilikuwa inanguruma kwa utulivu, na kiboko kikabaki mkononi mwake bila kazi.

Jioni mashangazi walikuja na maswali. "Sikusikia kitu," akasema babu. "Motakaa ilikuwa inanguruma." Nami nikadakia, "Ni kweli, ilikuwa inanguruma." Anayejua motakaa anajua kwamba hakuna anayezungusha hendeli ya injini iliyokwisha kuwaka. Bahati yetu, mashangazi hawakujua motakaa.

Siku hizi kijana anabonyeza kidude, na gari lisipowaka mara moja analitazama kana kwamba limemtukana. Hahitaji mtu wa kumshikia kijiti. Wala hana, nadhani, mtu ambaye mkono wake ungevunjika kama yeye angenyamaza. Sitaki miiko ile irudi, nisingeiweza. Natamani tu ule uangalifu ambao watu walikuwa nao kwa mtu wasiyeruhusiwa hata kumtazama.

Kabla ya kuyachapisha haya nilitaka ruhusa. Mdogo wangu, aliyezaliwa mwaka uliofuata akiwa mnene kama boga, ni karani Tukuyu na ana simu mezani. Juzi alimleta mama kwenye simu hiyo.

"Andika," mama akasema kwa sauti ambayo ingefika Mbeya hata bila simu. "Babu yako ameshalala. Ila andika yote."

"Yote ndiyo hayo, mama. Nilikuwepo."

"Ulikuwepo wapi? Mlio ulipolia tu, wewe ulikuwa umeshafika migombani. Maneno ya kijiti alipeleka nani mpaka ikawaka?"

Nikaibana simu sikioni.

"Tuliambizana wenyewe," akasema. "Yeye, 'Sasa nyuma.' Mimi, 'Kimelegea, kimerudi.' Na ilipowaka akasema, 'Ndaga, mwanangu.' Asante, mwanangu. Siku ile tu. Hakunisemesha tena mpaka anakufa."