Mke wa Mtu Mwenye Fikra Chanya

Mtaani walimwita Wembe, na jina hilo halikutokana na zile nyembe alizochania vitambaa vya watu. Alikuwa fundi makochi. Ukimpelekea kiti kilichobaki mifupa, alikurudishia kiti ambacho mgeni akikikalia hataki tena kuaga. Jina lilitokana na ulimi. Mteja akiuliza kama kochi lake litapona, Wembe alilizunguka, akalibonyeza, akatikisa kichwa na kusema, "Hili tulizike kwa heshima." Kisha akalitengeneza. Watu walicheka, wakalipa, wakarudi na viti vingine.

Hakuna aliyejiuliza kwa nini mwanamke mwenye mikono ile ameshinda miaka yote kwenye chumba kimoja, dirisha likitazama ukuta wa jirani. Ukimuuliza mwenyewe, jibu lilikuwa tayari limepigwa pasi: "Kazi kubwa zina wenyewe. Sisi tumeumbiwa makochi ya mashangazi."

Mumewe alikuwa muuza rangi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu mpole ambaye ugomvi wake mkubwa maishani ulikuwa na mteja aliyetaka rangi nyeupe isiyokuwa nyeupe sana. Basi wafanyakazi wa duka lile walipoanza kunong'ona habari za mishahara, bosi aliwasikia kilio chao, na kwa huruma zake akawalipia semina. Mshahara, aliwaeleza, huisha. Semina hubaki moyoni.

Muuza rangi aliondoka asubuhi akiwa baba watoto wa kawaida. Jioni alirudi akiwa kiongozi. Kifuani alining'iniza kadi yenye jina lake, na macho yalimng'aa kama ya mtu aliyeshinda bahati nasibu ambayo hakukata tiketi.

"Mama watoto," alisema kabla hajavua viatu, "kuanzia leo nyumba hii haina matatizo."

"Yamehama?" Wembe aliuliza. "Mbona bomba la jikoni bado linavuja?"

"Bomba halivuji. Bomba linatupa fursa."

"Basi chukua ndoo ukaikinge hiyo fursa. Inalowesha unga."

Tangu siku hiyo muuza rangi aliamka kabla jua halijafikiria kutoka. Alioga maji baridi kwa kishindo na mayowe, kisha akasimama mbele ya kioo cha bafuni na kutangaza, "Mimi ni simba! Mimi ni simba!" Kioo kilikuwa kimemeguka pembeni, hivyo simba mwenyewe alikuwa na sikio moja.

Mamake, bibi mzee aliyekuwa akiishi nao na ambaye usingizi wake ulikuwa mwepesi kama karatasi, aliuliza kutoka chumbani kwake, "Mkwe wangu, nani anagombana na mwanangu huko?"

"Anagombana na kioo, mama."

"Anakishinda?"

"Bado."

Familia nayo ilibadilishwa cheo ikaitwa timu. Jumapili kukawa na kikao cha maono, ambapo kila mmoja alitakiwa kutaja ndoto yake. Binti mkubwa alisema anataka kuwa rubani. Binti mdogo alisema ndoto yake ni baba aache kuwaamsha, maana hawapati muda wa kuziota hizo ndoto. Wembe alicheka mpaka akashika mbavu. Ukweli ni kwamba majuma yale aliyafaidi. Ulimi kama ule unataka chakula, na mumewe alikuwa amejileta mwenyewe mezani, tena na kadi kifuani.

Lakini siku moja muuza rangi alirudi kazini akaketi bila kutangaza chochote, na Wembe akajua kuna jambo.

"Ule ukumbi tuliofanyia semina," alianza, "viti vyake ni aibu. Unaambiwa inuka utwae maisha yako, na springi nayo inakusukuma uinuke. Leo nimepita pale nikamwona meneja. Wanatafuta fundi wa kuvitengeneza vyote."

"Wampate salama."

"Nimemwambia mke wangu anaweza."

Mkasi ulisimama. "Umemwambia nini?"

"Kwamba unaweza. Anakungoja kesho."

"Ukumbi mzima? Mimi na cherehani moja na mama yako?" Na hapo Wembe akafungulia bomba lake mwenyewe. Alisema atawashonea pia mapazia ya bunge akipata nafasi. Alisema kesho amtafutie na tenda ya kupaka rangi mwezi. Muuza rangi alisikiliza yote, kisha akasema, "Ukimaliza, tafuta viatu vizuri vya kuvaa."

Wembe hakulala vizuri. Ilikuwa hofu, wala haikuwa ngeni kwake. Ni vile tu alikuwa ameivalisha kitambaa kizuri kwa miaka mingi, akaibana kila upande, hata mwenyewe akasahau kilichokuwa ndani.

Meneja wa ukumbi alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mwendo wa haraka, simu mkononi kama sehemu ya kiganja. Hakuwa na muda wa kuzunguka mbuyu. Alimwonyesha safu za viti, akamwacha aangalie. Wembe akapiga magoti. Alibonyeza, akapindua, akaingiza kidole kwenye mpasuko. Sponji ilikuwa imekufa zamani, lakini fremu zilikuwa nzima, mbao ngumu za kweli ambazo siku hizi huzioni. Mikono yake ilifurahi. Ilikwisha anza kupima kitambaa bila kumwomba ruhusa.

"Enhe, fundi," meneja alisema akiwa amerudi. "Kazi hii unaiweza?"

Mdomo ukaitangulia mikono. "Mimi? Labda nife nizaliwe upya nikiwa kiwanda."

Meneja hakucheka. Alikuwa mmoja wa watu wachache waliobaki duniani wanaoamini wanachoambiwa. "Sawa," alisema. "Nashukuru kwa ukweli wako, dada. Wengi hudanganya, wanatuharibia kazi. Tutatafuta kampuni." Akampa mkono, akaenda zake.

Kazi ikawa imekwisha kabla haijaanza.

Wembe akashuka ngazi za ukumbi, na kitu cha kwanza kilichomjia kilikuwa utamu. Si nilisema? Si niliwaambia? Alishaanza kuitunga hadithi atakayompa mama mkwe, na sauti ya meneja ataiiga vipi, na mzee atacheka mpaka akohoe. Alikuwa anatabasamu peke yake kama mwendawazimu. Kwenye ngazi za katikati tabasamu lile likamkauka.

Nani aliyemkataa? Aliwatafuta wale wenye kazi kubwa waliomfungia mlango, hakumwona hata mmoja. Mlango ulikuwa wazi, na yeye ndiye aliyeufunga, tena kwa ufundi wa hali ya juu, mpaka mwenye nyumba akamshukuru. Akakumbuka mtu wa gereji aliyewahi kumuuliza kama angeweza viti vya magari, naye akamjibu, "Kamuulize fundi wa ndege." Akamkumbuka mwalimu wa chuo cha ufundi aliyemwomba aende kufundisha, akamwambia chuo hakina dawa ya kutibu wanafunzi atakaowaharibu. Wote walicheka. Wote walikwenda zao. Yeye akabaki na ukuta wa jirani.

Akageuka, akapanda tena. Msifikiri alipanda kama simba. Alipanda huku kwapa zimelowa. Alimkuta meneja ofisini kwake, anaongea na simu, akasimama mlangoni mpaka yule mama akainua macho.

"Samahani, bosi. Nilikuwa natania."

"Ulitania nini?"

"Pale uliponiuliza kama naiweza. Ni mazoea mabaya." Akameza mate. "Kazi naiweza."

Maneno mawili tu, nayo yalimtoka kwa shida kama mtoto aliyekaa vibaya tumboni. Mara mdomo ukaanza kumwasha, unataka kuyapachika mkia, kachumbari kidogo, chochote. Akaubana kwa meno.

Meneja alimtazama. "Sasa mimi nitajuaje lini unatania na lini hutanii?"

Swali lilikuwa la haki. "Nipe safu moja ya nyuma. Ukiipenda, tuendelee. Usipoipenda, naondoka na mzaha wangu."

"Na huo nao ni mzaha?"

"Kidogo."

Akapewa safu ya nyuma kabisa, ile wanayokaa waliochelewa.

Muuza rangi aliomba likizo amsaidie, akapewa kazi ya kung'oa pini za zamani kwa koleo. Alianza akiimba. Kufikia adhuhuri malengelenge yalikuwa yamemtoka viganjani, mgongo umekataa kunyooka, na kiongozi wa timu alikuwa amekaa sakafuni anaulaani uzao wa aliyezipigilia pini zile.

"Fikra chanya, baba watoto," Wembe alimwambia.

"Niache."

"Malengelenge hayo ni fursa—"

"Nimesema niache!" Akalitupa koleo. Lilibingirika chini ya viti kwa mlio mrefu, wakatazamana, wote wakaangua kicheko mpaka mlinzi akaja kuchungulia.

Kiti cha kwanza kilimshinda Wembe. Kwa wasiwasi wa kuharakisha, alikivuta kitambaa kupita kiasi, mistari ikapinda kama imelewa. Muuza rangi, ambaye kwake hakuna kilichopinda duniani, alisema kinapendeza sana. Wembe alikifumua chote. Akaanza tena polepole, mkono mmoja unavuta, mwingine unasikiliza, na safu ilipokwisha meneja alikuja akakalia kila kiti, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayetafuta kosa. Hakulipata, au alilipata akalisamehe.

"Endelea na vilivyobaki," alisema, simu tayari iko sikioni. Hakuna aliyepiga makofi. Kwenye semina wangepiga.

Ilibidi Wembe amchukue mshona mabegi wa mtaa wa pili amsaidie, na hilo lilimuuma kuliko sindano, maana hakuwahi kumwachia mtu mkasi wake. Siku za mwanzo alimsimamia mpaka mshona mabegi akamuuliza, "Dada, nishone au nikupishe?" Akampisha. Kazi ilichelewa juma zima kwa sababu Wembe alikosea kukisia kitambaa, meneja akafoka, na Wembe akasema, "Ni kweli, kosa ni langu." Hakupachika mkia hapo pia, ingawa mkia ulikuwepo, tena mzuri.

Muuza rangi aliwaambia wote waliotaka na wasiotaka kusikia kwamba haya ni matunda ya semina. Yeye mwenyewe maji baridi yalimpa mafua mabaya, akarudi kwenye maji ya moto kimyakimya, kama kiongozi anayepitia upya sera zake. Dukani wafanyakazi waliuliza tena habari za mishahara. Bosi aliguswa sana, akatangaza semina ya pili.

Baadaye Wembe alisikia zahanati moja inataka mabenchi ya wagonjwa yawekwe sponji mpya. Safari hii hakutumwa na mtu. Alikwenda mwenyewe, akajieleza vizuri, akaulizwa kama anaiweza kazi, akajibu ndiyo. Wakampa mtu mwingine.

Alirudi nyumbani jioni. Mama mkwe na muuza rangi walikuwa sebuleni, wanamngoja bila kujifanya hawamngoji.

"Vipi, mkwe wangu?"

"Wamekataa, mama."

Alisubiri mdomo wake ulete kitu cha kufunika, kama ulivyoleta siku zote. Haukuleta. Alikuwa hajui kwamba kukataliwa kweli kweli, bila kujikataa kwanza, kunauma namna hii.

Muuza rangi alifungua kinywa. Wembe aliiona sentensi inakuja, imevaa na kadi kifuani. Kisha mumewe akakifunga. Aliinuka akaenda jikoni, vyombo vikalia kwa muda, akarudi na kikombe cha chai, akaketi karibu naye.

"Inauma?"

"Inauma."

"Pole."

"Jumatatu nitarudi niwaulize nilipungukiwa wapi," Wembe alisema.

"Uende," mama mkwe aliitikia. "Kuuliza si ugomvi."

Chai ilikuwa tamu kupita kiasi, chai ya mwanamume asiyejua sukari inapimwa kwa kijiko. Wembe aliinywa yote, na kwa siku ile hakuifanyia mzaha.